Ulimi wa Zambarau Katika Msitu wa Nuuksio

Nilifika Helsinki, Ufini, mwishoni mwa Julai, nikamkuta shemeji ameshaandaa ndoo mbili. "Kesho tunakwenda kuchuma mustikka," akaniambia, yaani matunda ya mwituni ya jamii ya bluberi, utadhani nimetoka Muheza kwa kazi hiyo tu.

Asubuhi tulipanda treni hadi Espoo, kisha basi la Nuuksio, hifadhi ya taifa iliyo karibu na jiji. Nilitafuta geti na mtoza kiingilio, sikuona. Shemeji akanieleza kuwa Ufini kila mtu ana haki ya kuchuma matunda ya mwituni, hata katika msitu wa mwenye mali, mradi asiingie uani kwa watu. Ukiyauza, hela hiyo haikatwi kodi. Nikakumbuka kesi zetu za nazi zilizookotwa mpakani, nikanyamaza.

Mustikka ni kichaka kifupi, hakifiki gotini, na tunda lake ni kama njegere. Shemeji alikuwa na kopo lenye meno mithili ya kitana: analipitisha chini ya kichaka, tunda linabaki, majani yanapita. Mimi nilichuma kwa vidole, mgongo umepinda, mbu wananiandama. Mbu wa kule hawana malaria, ila adabu pia hawana.

Nilipolipasua tunda la kwanza nilishangaa. Yale ya kupandwa niliyoyala dukani yana nyama nyeupe, rangi imekaa kwenye ganda tu. Hili la mwituni ni zambarau mpaka ndani. Rangi hiyo ni anthosianini, jamii ileile inayotupaka ulimi tukila zambarau zetu. Mmea huitumia kujikinga na jua kali na kuwavuta ndege wale tunda, wakasambaze mbegu. Watafiti wamepima wakakuta matunda ya kaskazini, ambako jua la kiangazi halitaki kuzama, yana rangi nyingi kuliko ya kusini.

Shemeji anaapa kwamba mustikka humsaidia kuona usiku. Sikumbishia, yeye ndiye mwenye ndoo. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa makini hayajaithibitisha habari hiyo ya macho, na anthosianini inayofika kwenye damu ni kidogo sana. Nyingi huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wakaivunjavunja. Huenda faida yake iko hukohuko. Mimi nilikula kwa utamu.

Jioni nilijikuta na doa kwenye mkono wa shati jeupe. Nikalipaka sabuni ya mche, likageuka bluu. Nikakamulia limau, likawa jekundu! Dada akaja jikoni akanikuta napaka hiki, napaka kile, kama mtoto.

"Wewe, hiyo si nguo tena, hiyo ni maabara," akasema. Asidi huifanya rangi hiyo iwe nyekundu, sabuni huisukuma kwenye bluu. Nusu ya ndoo akaoka nayo mkate mtamu, nyingine akaitia kwenye friza, maana moto huila rangi na baridi huitunza.

Nilirudi Muheza na shati langu, doa limegoma kutoka. Mama alipolianua kambani aliligeuza mara mbili, akaniuliza, "Kumbe Ulaya nako kuna mizambarau?"