Hesabu za mbolea na mahindi katika theluthi mbili za ekari

Shamba langu la Inyala mkoani Mbeya, mashariki ya Uyole kwa anayeelekea Iringa, majirani hulitaja kuwa ni "ekari kasoro kidogo". Kabla ya kununua mbolea ya kukuzia niliazima futi ya fundi ujenzi ili niijue kasoro hiyo, nikapata mita 60 kwa 45, yaani mita za mraba 2,700. Kwa kuwa ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi, nilizigawanya 2,700 kwa 4,047, nikapata 0.667, ambayo ni theluthi mbili. Hesabu nyingine zote za msimu ule zilitoka hapo.

Dukani kulikuwa na mfuko wa urea wa kilo 50 kwa shilingi 70,000 na mfuko wa CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, wa uzito uleule kwa shilingi 60,000. Ukitazama mifuko, CAN ni nafuu kwa asilimia 14. Hata hivyo mahindi hayali mfuko, yanakula naitrojeni iliyomo, yaani kirutubisho chenyewe, na kiasi chake kimeandikwa ubavuni: asilimia 46 kwa urea na asilimia 26 kwa CAN ile. Asilimia 46 ya kilo 50 ni kilo 23, na asilimia 26 ni kilo 13. Basi kilo moja ya naitrojeni ndani ya urea iligharimu shilingi 3,043 na ndani ya CAN shilingi 4,615, jambo linalomaanisha kuwa mfuko wa bei ya chini ulikuwa ghali zaidi kwa karibu asilimia 52. Sisemi kwamba CAN ni mbolea mbaya. Ina kalsiamu, nayo haipotei hewani kirahisi kama urea iliyoachwa juu ya udongo, kwa hiyo mwenye udongo wenye tindikali anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuilipia. Mimi nilikusudia kuifukia mbolea yangu, nikachukua urea.

Nilikadiria mfuko mmoja kwa ekari, hivyo theluthi mbili zilihitaji kilo 33.3. Zilizobaki, kilo 16.7, zilimfaa bibi jirani yangu ambaye kishamba chake ni theluthi moja ya ekari, na tukagawana mfuko kwa uwiano wa 2 kwa 1, bei nayo ikifuata uwiano huohuo: mimi shilingi 46,700, yeye shilingi 23,300.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuhakikisha kwamba mbolea haimalizikii katikati ya shamba. Nilikuwa nimepanda kwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya mashimo, mimea miwili kila shimo, kwa hiyo kila shimo lilikuwa na eneo la mita 0.75 mara 0.6, yaani mita ya mraba 0.45. Mita za mraba 2,700 zikigawanywa kwa 0.45 ni mashimo 6,000, na gramu 33,300 zikigawanywa kwa 6,000 ni gramu 5.55 kwa shimo. Vizibo 100 vya soda vilivyojazwa urea nilivipima kwa pamoja kwenye mizani ya dukani, kwa sababu kizibo kimoja ni kidogo mno kwa mizani ya aina hiyo, na uzito ulikuwa gramu 550. Kizibo kimoja kwa shimo, basi, na vibarua hawakuhitaji kipimo kingine.

Hesabu iliyonichukua muda zaidi ilikuja baada ya mavuno. Mahindi yalikuwa na unyevu wa asilimia 18, na mnunuzi aliniambia angeyachukua hivyohivyo kwa shilingi 600 kwa kilo, au kwa shilingi 650 nikiyakausha hadi asilimia 13.5.

"Mama, nakuongezea asilimia nane nzima, unataka nini tena?"

"Mwanangu, hiyo nane ni ya bei ya kilo. Kilo zenyewe zitakuwa zimepungua."

Naye alijibu kwamba zitapungua asilimia 4.5 tu, yaani 18 kutoa 13.5. Utoaji huo haufai, kwa sababu asilimia ya kwanza ni ya mzigo mbichi na ya pili ni ya mzigo mkavu, na mizigo hiyo haina uzito mmoja. Kitu kisichobadilika ni mahindi yasiyo maji: katika kilo 1,000 zenye unyevu wa 18 ni kilo 820. Baada ya kukausha, kilo hizo 820 zitakuwa asilimia 86.5 ya mzigo, na 820 zikigawanywa kwa 0.865 ni kilo 948. Zimepotea kilo 52, yaani asilimia 5.2.

Kwa bei ya 650, kilo 948 zingeleta shilingi 616,200 dhidi ya 600,000 za mahindi mabichi, nyongeza ya asilimia 2.7 tu, na katika shilingi hizo 16,200 kulikuwa na shilingi 13,000 za kukodi turubai na kuwalipa vijana wa kugeuza. Nilimwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi, nikataka 680, tukafikia 670. Kila kilo 1,000 nilizoanika zilinipa shilingi 635,160, na baada ya gharama nikabaki na shilingi 22,160 zaidi ya bei ya mahindi mabichi. Gunia za kula nyumbani nilizikausha bila kuziingiza katika hesabu hiyo, kwa kuwa mahindi yenye unyevu wa 18 hayawekwi ghalani kwa bei yoyote.