Nilivyojifunza kumsikiliza Coltrane kwa mkanda wa mwaka 1963

Nimekulia kwenye nyumba ya santuri. Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz: majina hayo ya bendi zetu za dansi niliyajua kabla sijajua kusoma, nikakua nikiamini kwamba jazi naijua. Siku niliyomsikia John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, kwa mara ya kwanza, nilizima baada ya dakika nne. Hakuna mwimbaji, hakuna kiitikio, na mdomo wa bata, yaani saksafoni, unakimbia bila kituo.

Nilirudi kwake mwaka 2018 ilipotoka Both Directions at Once, albamu aliyoirekodi tarehe 6 Machi 1963 kwenye studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey. Miaka 55 imelala! Kilichonivuta ni habari ya mkanda wenyewe. Kilichookoa kazi hii ni nakala ya mono ambayo Coltrane aliondoka nayo studio ili akaisikilize nyumbani, ikabaki kwa familia ya Naima, mke wake wa kwanza. Nikasema, basi na mimi nitausikiliza hivyohivyo: nyumbani, usiku, kwa kurudiarudia.

Wiki ya kwanza niliambulia kelele. Nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi enzi zake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Wewe unamfukuza mpulizaji, humpati. Kaa na besi. Wengine wote watakukuta hapo.”

Nikakaa na besi ya Jimmy Garrison siku saba, saksafoni nikaiacha ipite. Mahali paliponifungukia ni kwenye “Impressions”, kwa sababu McCoy Tyner hapo hapigi piano. Wamebaki watatu tu: saksafoni, besi, na drams za Elvin Jones. Piano ilipoondoka nikaona nafasi kati yao. Besi inatembea, haikimbii hata kidogo. Kasi yote niliyoiogopa ni ya Coltrane na Jones wanaojibizana juu yake. Mtu aliyezoea gitaa la solo na la rizimu kusemezana kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo wa dansi inayochangamka, jambo hilo analijua tangu utotoni. Nililisikia nikasimama katikati ya chumba.

Wiki iliyofuata nikahamia kwenye drams peke yake, kisha piano kwenye vipande vingine. Toleo la diski mbili lina marudio 14 kwa jumla, na “Impressions” peke yake imo mara nne. Nawashauri wanaoanza wachukue hilo. Ukisikia wimbo mmoja ukipigwa mara nne siku ileile, unatambua lipi ni wimbo na lipi wamelizua palepale.

Vipande viwili havina hata majina, vina namba tu, 11383 na 11386. Mwanzoni vilinitesa, maana sisi tumezoea wimbo uwe na kisa: nani kamwacha nani, nani kaenda mjini. Humu nilibaki na sauti tupu. Kwenye 11383 Garrison anachukua upinde na kuisugua besi kama fidla, na nilipofika hapo sikutamani tena maneno. Kwenye 11386 wanarudi kwenye kiini cha wimbo kila mmoja anapomaliza kupiga peke yake, nami nikakipokea kama kiitikio nilichokuwa nakitafuta tangu siku ya kwanza.

Jumapili moja nilimpelekea mzee spika ndogo nikamwekea hicho cha 11386. Alifumba macho, vidole vya mkono wa kushoto vikawa vinabonyeza goti kama vinasaka nyuzi. Kilipoisha akauliza, “Unaitwaje huu?”

“Hauna jina mzee. Una namba tu.”

Akanyamaza kidogo. “Rudisha mwanzo.”