Bluu ya mdiria na bluu ya morfo

Siku hizi akili yangu imenasa kwenye rangi moja tu, bluu. Nina picha mbili hapa, moja ya mdiria, yule ndege mdogo wa Ulaya na Asia mwenye tumbo la chungwa (Alcedo atthis), nyingine ya kipepeo Morpho menelaus wa misitu ya Amerika ya Kusini, na kadiri ninavyoziangalia ndo nazidi kushangaa, manake hakuna hata mmoja mwenye chembechembe za rangi ya bluu mwilini. Ukisaga unyoya wa mgongoni wa mdiria, bluu inapotea. Chungwa ya tumboni hiyo sawa, ni rangi kweli, ila bluu ni kazi ya umbo. Unyoya umetengenezwa kwa keratini, kitu kilekile cha kucha zetu, na ndani yake kuna matundu madogo mno ya hewa kama sponji, mwanga ukiingia humo unatawanyika na bluu ndo inayorudi machoni kwa nguvu.

Morfo kafika hapohapo kwa njia yake kabisa. Magamba ya mbawa zake yana matuta, kila tuta lina matabaka membamba ya kitini, kile kitu kigumu cha maganda ya wadudu, na hewa katikati, mwanga unaorudi toka tabaka hili unaungana na wa tabaka lile, bluu inawaka. Alafu ukidondoshea spiriti bawa linageuka kijani, kwa sababu zile nafasi za hewa zimejaa, ikikauka bluu inarudi! Hiki kitu nakipenda sana.

Ila matumizi ndo yanawatenganisha. Mdiria dume na jike wamevaa karibu sawa, jike utamjua kwa wekundu wa mdomo wa chini. Kwa morfo dume ndo anayewaka zaidi, na chini ya mbawa ni kahawia tupu yenye madoa kama macho, kwa hiyo akiruka bluu inatokea inapotea inatokea inapotea, hata kumfuata kwa macho ni shida.

Na kuna hili la kuchakaa, ambalo kusema kweli linaniuma. Mdiria kila mwaka anabadilisha manyoya, bluu inaota upya, wakati gamba la morfo likidondoka halioti tena, na maisha yake kama kipepeo kamili ni ya wiki chache tu. Na kwa vile bluu yake ni ya muda mfupi hivyo, kati ya hawa wawili mimi namchagua morfo, ingawa mdiria nampenda toka zamani.