Bastola kwenye hewa ya chumvi: ninavyoitunza yangu Malindi

Bastola yangu ni CZ 75 Compact ya milimita 9, ya ule ukoo ambao Kenya nzima huuita Ceska. Ninayo kwa cheti, na naibeba kwa ajili ya kazi. Nasambaza bidhaa za jumla: naanzia Malindi mjini, navuka Sabaki, napita Mambrui hadi Gongoni na Marereni, na jioni narudi na fedha. Aijuaye njia ile anajua kule juu kuna nini. Kuna mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua likayakausha, na chumvi ikarundikwa vilima vyeupe. Siku za upepo unaionja midomoni ukiwa ndani ya gari.

Maelekezo mengi ya kutunza bastola yameandikwa kwa ajili ya mtu anayepiga sana. Kwake uchafu ni masizi ya baruti, basi humwambia: ukitoka kulenga shabaha, safisha. Mimi kulenga shabaha ni mpaka nifike upande wa Mombasa, na cheti kinataja idadi ya risasi ninazoruhusiwa kuwa nazo, kwa hiyo sipigi ovyo. Lakini naibeba kutwa, ikiwa ndani ya shati, kiunoni, kwenye joto letu hili. Bastola ya mwambao haiharibiki kwa kupigwa. Huharibiwa na jasho, chumvi, vumbi la njia na nyuzi za nguo, hata kama haijatoa risasi hata moja tangu mwaka uanze.

Kusi ya kwanza niliyokaa nayo ilinionyesha inapoanzia. Mwili wa CZ hii ni chuma tupu, lakini juu umepakwa rangi ngumu, na pale palipopakwa hapakuguswa na kitu. Kutu ilitokea pembezoni: ukingo wa alama ya nyuma ya kulengea, vichwa vya skrubu za mshikio, ubavu wa nyundo, midomo ya magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mshikio), na hasa chini ya vibao vya mshikio, mahali ambapo jasho huingia na halitoki. Ni vidoadoa vya rangi ya chai, vidogo, vya kufutika kwa mafuta na kitambaa kigumu. Vikiachwa ndipo huchimba.

Nilimwendea mzee mmoja mtaani kwetu, mstaafu, aliyekuwa akitunza ghala la silaha. Nikamuuliza huku pwani wao walikuwa wakifanya nini ambacho bara hakifanywi.

"Mwanangu," akaniambia, "mafuta hayaondoi chumvi. Yanaifunika tu, nayo inaendelea na kazi yake chini kwa chini. Iondoe kwanza."

Nilipofuatilia nikaona jambo lenyewe liko wazi. Chumvi haiyeyuki ndani ya mafuta. Huyeyuka ndani ya maji. Tena chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukishapita asilimia 75 hivi, huanza kuvuta maji yenyewe hadi ikawa tone. Usiku wa Malindi kiwango hicho hupitwa bila shida. Kwa hiyo chembe iliyokaa kwenye chuma inaamka kila usiku, hata ndani ya kabati, bila wewe kumwaga chochote.

Basi utaratibu wangu wa kila jioni ni wa kitambaa, na huchukua muda mfupi kuliko kunywa kahawa. Natoa magazini. Navuta nyuma slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachoteleza, risasi ya ndani inatoka, naangalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho kisha naitia kidole kidogo nihakikishe, kwa sababu kwenye mwanga wa jioni macho hudanganya. Risasi zote naziweka chumba kingine. Halafu nachukua kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa vizuri, nafuta nje kote: slaidi, mbele ya mshikio, nyundo, alama za kulengea, kitako cha magazini. Maji yawe ya chupa au ya mvua. Ya kisima, kwa sisi wa mitaa ya karibu na bahari, mengi yana chumvi yake, na hakuna maana ya kufuta chumvi kwa chumvi. Baada ya hapo kitambaa kikavu, naiacha mbele ya feni kidogo, na mwisho kitambaa cha tatu chenye mafuta. Hiki cha mafuta nakihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, na hakihitaji kuongezwa mafuta mara kwa mara. Kiwe na unyevu wa mafuta, kisitone. Ukimaliza, chuma kisionekane kinang'aa kama kimepakwa samli.

Kuifungua ni jambo la kila baada ya majuma machache, na wakati wa kaskazi, vumbi linapozidi, naharakisha. Ceska ina fadhila moja juu ya bastola nyingine nyingi: huhitaji kufyatua triga ili uifungue. Glock, kwa mfano, lazima ufyatue triga kabla slaidi haijatoka, ndiyo maana wenye nazo huambiwa wakague chemba na kurudia. Kwenye CZ unavuta slaidi nyuma kidogo tu mpaka alama mbili za upande wa nyuma, moja ya slaidi na moja ya fremu, ule mwili wa chini wenye mshikio, zikae sambamba. Unasukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka kulia kwenda kushoto. Slaidi inateleza mbele na kutoka. Springi na fimbo yake, kisha mtutu. Inatosha. Sigusi zaidi ya hapo. Kazi ya ndani ya triga na pini ya kupigia ni ya fundi aliyesajiliwa, na kwa Kenya hilo ni suala la sheria pia, si la ustadi peke yake.

Mtutu nausafisha kutoka upande wa chemba, burashi ya shaba na dawa ya kulainisha masizi, kisha vipande vya kitambaa hadi kitoke cheupe. Kama sijapiga tangu usafi uliopita, kipande kimoja chenye mafuta na kimoja kikavu vinatosha. Muda wangu mwingi unakwenda kwenye mswaki mkuukuu: chini ya ndoana inayovuta ganda, uso wa slaidi unaopokea kitako cha risasi, na mifereji ya reli, zile njia ambazo slaidi hutelezea. Hapo ndipo utaona maisha ya mtu. Nyuzi za shati, unga wa vumbi jekundu, na uchafu wa kijivu ambao ni mafuta ya zamani yaliyoshikana na vumbi. Uchafu ukijaa chini ya ile ndoana, inaweza kushindwa kulishika ganda sawasawa, na bastola ikakwama siku usiyoitaka ikwame.

Sasa mafuta. Hapa mjini kila mtu ana dawa yake. Kuna wanaosifu mafuta ya nazi, eti wazee waliyatumia kwa majambia. Jambia halina springi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hata yasipoganda, yakikaa sana huvunda na kunata. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, hugeuka gundi. WD-40, ambayo kila duka la vipuri linayo, ilitengenezwa kwa ajili ya kufukuza maji, na jina lake lenyewe linatokana na kazi hiyo. Bastola ikinyeshewa, mimi huitumia kwa kufukuza maji, kisha naifuta yote, siiachi iwe ndiyo kilainishi. Mafuta ya cherehani ni mepesi, safi, hayadhuru kitu, ila kwa joto la kiuno hutiririka na kuisha haraka. Ballistol, ya Wajerumani, iliyoanza 1904, naipenda kwa kitambaa cha jioni kwa sababu huvumilia unyevu: ikichanganyika na maji hugeuka nyeupe kama tui, nawe unaona kwa macho kwamba maji yalikuwapo. Unayo mafuta maalumu ya bunduki? Tumia hayo, mabishano yaishe.

Kwenye reli, hata hivyo, nimehamia grisi. Bastola inayobebwa imesimama kutwa, pua chini, kwenye joto la mwili. Mafuta mepesi hushuka, hukusanyika mdomoni mwa mtutu na kwenye magazini, huku reli zikibaki kavu. Grisi nyepesi hubaki pale ulipoiweka. Kiasi chake ni kidogo cha kushangaza: ncha ya kijiti cha meno kwa kila reli. CZ ni kinyume cha nyingi, slaidi yake hutembea ndani ya fremu na si juu yake, kwa hiyo reli zimejificha na mguso ni mrefu. Napaka kwenye mifereji ya fremu, nasambaza kwa kidole hadi ibaki rangi tu ya grisi, basi.

Sehemu nyingine sihitaji kukariri mchoro, kwani chuma chenyewe kinasema. Popote rangi ilipolika na chuma kikang'aa, pale ndipo panaposuguana. Kwenye mtutu wangu ni karibu na mdomo, pale unapopita kwenye tundu la slaidi, na juu ya yale meno yanayoufunga na slaidi. Pia kwenye mfereji wa chini ya mtutu ambamo pini ya kizuizi hupita, maana hapo ndipo mtutu hushushwa wakati slaidi inaporudi nyuma. Tone dogo kila mahali. Tone jingine pembeni mwa nyundo. Naunganisha, navuta slaidi mara kadhaa, na yale mafuta yanayojitokeza nje nayafuta yote, kwa kuwa yaliyotoka hayakuwa na kazi ndani.

Kuna pahala pa kukataza mafuta kabisa, na hapo sina mjadala. Tundu la pini ya kupigia libaki kavu: mafuta yakiingia yanabeba uchafu, yanakuwa uji, na pini inapoteza nguvu. Ndani ya magazini pabaki pakavu, kwa sababu vumbi letu likikutana na mafuta mle, springi husukuma kwa shida. Na risasi zenyewe zisiguswe na kitambaa cha mafuta, kwani mafuta yanaweza kupenya kwenye fataki ya kitako, ile inayowasha baruti, na kuiua. Risasi nazifuta kwa kitambaa kikavu tu, na ile inayoanza kutoa ukijani kwenye shaba naitenga.

Jambo la risasi lina upande mwingine ambao wabebaji wengi hawauangalii. Kila jioni ukitoa risasi ya chemba na asubuhi kuirudisha ileile, kichwa chake hupigwa kwenye njia ya kupandia na kinaweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Risasi iliyofupika hivyo hupandisha mgandamizo inapolipuka. Kwa hiyo naizungusha: iliyotoka chemba jana inakwenda chini ya magazini, na kabla sijaiweka nailinganisha na mwenzake, zisimame pamoja juu ya meza. Ikionekana fupi haipandi tena. Zilizokwisha kubebwa sana ndizo ninazozipiga nikienda kulenga shabaha, kisha naweka mpya.

Pa kulala bastola napo pana maneno. Mfuko wa ngozi ni mzuri kubebea, si kuhifadhia. Ngozi hunywa jasho na huwa imetengenezwa kwa dawa zenye chumvi, ukiiacha bastola mle usiku kucha umeilaza kwenye kitanda kibichi. Sponji ya boksi ililokuja nalo nayo hushika unyevu. Yangu hulala uchi ndani ya sefu iliyofungwa ukutani, juu ya kitambaa kikavu, na vipakiti vya silika, zile punje za kunyonya unyevu ambazo watu hutupa wakinunua viatu. Nimechanganya na vile vyenye punje za kubadili rangi, ili nijue vimeshiba. Vya punje hizo navikausha kwa joto la chini na kuvirudisha. Funguo za sefu ni zangu peke yangu. Nyumba yangu ina watoto, na watoto wa jirani huingia bila hodi.

Nikifika kulenga shabaha sianzi kwa kuisafisha. Naipiga ikiwa hivyo hivyo ilivyotoka kiunoni, na vumbi lake la Gongoni, na risasi zake za kubebea, kwa sababu hali hiyo ndiyo ninayotaka kuijua. Naangalia maganda yanatoka upande gani na kwa nguvu gani. Yakianza kudondoka karibu na miguu, au slaidi ikirudi kwa uvivu, najua grisi imekuwa nzito, au uchafu umeingia, au springi inataka kubadilishwa, na hiyo ya springi nampelekea fundi wa duka la silaha lenye leseni, pamoja na magazini zote. Magazini zangu nimeziandika herufi chini kwa rangi, kwa maana bastola ikikwama, mara nyingi mwenye kosa ni magazini, na bila alama utamtafuta hadi kesho.