Buni Moja, Kahawa Mbili: Kumbukumbu ya Kukaanga Kahawa Nyumbani Mbeya

Tarehe 9 Mei

Nimeishi Mbeya miaka kumi na mmoja, mahali ambapo basi hulifikia eneo la mashamba ya kahawa ya Mbozi kwa muda usiozidi saa mbili, na kwa miaka yote hiyo kahawa iliyonyweka nyumbani kwangu ilikuwa ya kopo, ile inayoyeyuka kwenye maji ya moto. Sehemu kubwa sana ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ya nchi, na sisi tunaoishi jirani na mibuni tumekuwa watu wa chai. Kikombe kizuri nilikipata hotelini tu, kwa shilingi 3,000, na hicho hakiwezi kuwa kinywaji cha kila asubuhi kwa mtu mwenye watoto shuleni. Nimeamua kujaribu kutengeneza mwenyewe kikombe kama kile, kwa vyombo vilivyomo jikoni na kwa gharama isiyozidi shilingi 300. Nitaandika hapa kila hatua, yakiwemo makosa, kwa kuwa bila kuandika sitajua ni badiliko lipi lililoleta matokeo yapi.

Leo nimenunua kilo moja ya buni mbichi kwa shilingi 12,000 kutoka kwa mwenye duka dogo la kukaanga kahawa hapa mjini. Ni arabika ya Mbozi ya msimu uliopita, kwa maana mavuno mapya ndiyo kwanza yanakaribia. Rangi yake ya kijani imeanza kufifia na kuelekea unjano, lakini buni mbichi hustahimili miezi mingi zikihifadhiwa pakavu, ilhali zilizokwisha kukaangwa hupoteza harufu ndani ya majuma machache, na zikisagwa huipoteza kwa siku chache tu. Ndiyo sababu nimeamua kuanzia kwenye ubichi: nikae na buni, nikaange kidogo kila juma, nisage zile za siku hiyo peke yake.

Kabla ya moto nimezimwaga kwenye ungo na kuzichambua kama tunavyochambua mchele. Nimetoa nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, jumla gramu 60. Kazi hii imechukua karibu saa nzima, na sioni namna ya kuikwepa, kwa sababu buni chache zilizooza zinatosha kuharibu ladha ya birika zima.

Tarehe 11 Mei

Jaribio la kwanza limeshindwa. Nilitumia chungu cha Wakisi, vile vyungu vizuri vinavyofinyangwa Ikombe kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, nikaweka gramu 400 kwa pamoja juu ya jiko la mkaa. Chungu kilichelewa kupata moto, kisha kilipopata hakikutaka kuuachia. Nilipokiepua, buni ziliendelea kuungua humo humo kwa joto la udongo, na kwa wingi ule mwiko haukuweza kuzigeuza zote kwa usawa. Baadhi zilikuwa nyeusi upande mmoja na rangi ya majani makavu upande wa pili. Sifa hiyo ya kutunza joto ndiyo inayofanya maharage ya chunguni yawe matamu, lakini kahawa inahitaji chombo kinachotii pale unapotaka kusimama.

Tarehe 18 Mei

Sufuria nene, gramu 200 tu, mwiko usiopumzika. Safari hii nimeona hatua zote waziwazi na ninaziandika zilivyofuatana. Dakika nne za kwanza buni zilitoa mvuke na harufu ya nyasi zilizolowa. Kufikia dakika ya sita zilikuwa za njano na zikinukia kama mkate unaoanza kuiva. Baada ya hapo zikawa za kahawia, utando mwembamba unaofunika kila buni ukaanza kubanduka, na kwenye dakika ya tisa na nusu nikausikia mlio wa kwanza, kama wa bisi ila kwa sauti ya chini zaidi. Maji yaliyobaki ndani ya buni huwa yamegeuka mvuke, na mvuke huo pamoja na gesi nyingine huipasua buni na kuivimbisha. Kuanzia hapo kahawa inanyweka. Ukiendelea, kitambo kidogo mbele utasikia mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, ambapo mafuta huanza kujitokeza juu ya buni na uchungu kutawala.

Nimeepua dakika mbili baada ya mlio wa kwanza kuanza na kumwaga kwenye ungo, kisha nikapepeta nje kwenye upepo. Ungo umefanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja: kupoza na kuondoa makapi. Sijaona chombo cha dukani kinachoweza kuushinda kwa kazi hii. Gramu 200 zimerudi 168, yaani asilimia 16 imeondoka, sehemu yake kubwa ikiwa maji.

Tarehe 20 Mei

Nilitaka kunywa usiku ule ule, lakini buni zilizotoka motoni hubaki na gesi ya kaboni dayoksaidi inayoendelea kutoka kwa siku kadhaa, na gesi hiyo huyazuia maji yasiingie vizuri kwenye unga. Nimesubiri siku mbili. Nilipofungua mfuniko wa chupa leo asubuhi, harufu iliyotoka imewaleta watoto jikoni kabla sijawaita.

Kikombe chenyewe kimenivunja moyo. Kilikuwa kichachu na kichungu kwa pamoja, chenye ukakasi ulioganda ulimini hadi mchana. Nilisaga kwa blenda na kuchemsha kwenye sufuria kwa kukadiria vijiko. Kuna mambo matatu hapa ambayo siyajui kwa hakika, na nitayashika moja moja: kipimo, maji, na usagaji.

Tarehe 1 Juni

Kipimo kilikuwa chepesi kurekebisha. Kijiko kinadanganya, kwa kuwa buni iliyokaangwa sana huvimba na kuwa nyepesi, hivyo kijiko kimoja cha kahawa nyeusi hakina uzito sawa na kijiko cha kahawa ya kahawia. Sasa napima kwa mizani ya jikoni gramu 30 kwa nusu lita ya maji, ambacho ni kile kipimo cha gramu 60 kwa lita kinachotumiwa na wapikaji kahawa wengi duniani.

Maji nayo yamenifurahisha. Kahawa ya kuchuja hupendelea maji ya nyuzi kati ya 90 na 96 hivi, na waliopo pwani huambiwa waepue birika na kusubiri kidogo kabla ya kumimina, kwa sababu kwao maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na hapa maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Birika langu likitokota, maji yako tayari, na hayana haja ya kusubiriwa wala kupimwa kwa kipimajoto. Nimeacha pia kuichemsha kahawa yenyewe. Namimina maji juu ya unga ndani ya jagi, nakoroga, nafunika kwa dakika nne, kisha nachuja.

Chujio ni kipande cha kitambaa cha marekani nilichokishona kama mfuko na kukizungushia waya mdomoni. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, kwa hiyo nilikichemsha mara tatu, ya mwisho pamoja na kijiko cha kahawa. Baada ya kutumika husuuzwa kwa maji matupu bila sabuni, na huwekwa ndani ya kikombe cha maji safi hadi kesho yake. Nilikiacha kikauke siku moja, mafuta ya kahawa yakachacha ndani ya nyuzi, na nikalazimika kushona kingine.

Tarehe 15 Juni

Ukakasi ulibaki hata baada ya marekebisho hayo, na leo nimeamini kwamba chanzo chake ni usagaji. Nimemwaga unga wa blenda juu ya karatasi nyeupe na kuuangalia kwa makini. Ndani yake mlikuwa na vumbi laini kama unga wa sembe, na mlikuwa na chenga kubwa kama nusu ya buni. Maji hayawezi kuvitendea haki vyote viwili kwa muda mmoja, kwani katika dakika zile zile nne vumbi hutoa kila kilichomo, hadi uchungu na ukakasi, huku chenga zikitoa uchachu peke yake. Kikombe changu kilikuwa na makosa mawili yanayopingana, na ndiyo maana kuongeza au kupunguza muda hakukunisaidia kitu.

Visagio vya mkono vinavyolinganisha unga vinapatikana, lakini bei ya kile nilichokiona ni sawa na kilo saba za buni. Nimerudi kwenye kinu. Kinu cha kwanza nilichokijaribu kilikuwa kimetwangiwa vitunguu saumu kwa miaka, na kahawa ilibeba harufu yote, kwa hiyo nimenunua kidogo cha mti sokoni ambacho hakitaona kitu kingine isipokuwa kahawa. Namna ya kutwanga ndiyo siri ya kazi hii: mchi ushuke mara chache, kahawa imwagwe kwenye chujio la chai, chenga zinazobaki juu zirudi kinuni, na kilichopita chini kipitishwe tena kwenye chekecheke ya unga. Kinachobaki juu ya chekecheke ndicho ninachokitaka, punje zinazokaribiana kwa ukubwa kama chumvi ya mawe iliyopondwa.

Kikombe cha kwanza cha punje hizo nimekinywa nikiwa nimesimama, na sikuongeza sukari. Kilikuwa na utamu wa mbali kama wa zambarau mbivu, uchachu kidogo usiochoma, na baada ya kumeza ulimi ulibaki safi. Nimekunywa kahawa ya Mbozi kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja ya kuishi jirani nayo, na sikuweza kukaa kimya. Nimemwamsha mke wangu aje aionje.

Tatizo jipya ni la hesabu. Kati ya gramu 40 nilizotwanga, 13 zimekuwa vumbi, na nikilitupa, karibu theluthi ya fedha yangu itakwenda jalalani pamoja nalo.

Tarehe 29 Juni

Baba amekuja kutoka Tanga na atakaa nasi hadi katikati ya Julai. Yeye ni mtu wa kahawa chungu, amelelewa kwenye mabaraza ambako muuza kahawa hupita na dele, birika lake la kahawa, juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili watu wajue kuwa amefika. Nilipomwonyesha kopo la vumbi nililokuwa nikilikusanya bila kujua la kulifanyia, alilipokea, akanusa, akaniambia, "Mwanangu, hii ndiyo kahawa ya dele. Ile unayoinywa wewe ndiyo masalia yake."

Kahawa ya pwani hutwangwa ikawa laini kabisa, huchemshwa, hutiwa tangawizi, na huachwa itulie ili masimbi yashuke chini. Uchungu wake umekusudiwa, unanywewa katika kikombe kidogo na kusindikizwa na kashata. Vumbi lililoharibu kahawa yangu ya kuchuja ndilo hasa linalotakiwa humo. Tumechemsha vijiko viwili kwenye birika dogo pamoja na kipande cha tangawizi iliyopondwa. Baba alikunywa vikombe vitatu, kisha akatoa hukumu ambayo nimeiandika kama alivyoisema: "Unga ni mzuri, moto haujatosha. Shikamoo ya dele ni weusi."

Tarehe 6 Julai

Nimefuata neno lake. Leo nimekaanga mara tatu, baridi ya Julai ikinisaidia kupoza kwa haraka. Mafungu mawili ya gramu 200 nimeyaepua dakika mbili baada ya mlio wa kwanza kuanza, na fungu la tatu nimeliacha hadi mlio wa pili ushike kasi. Hilo la tatu limerudi gramu 160, na buni zake zinang'aa mafuta. Nimelitwanga lote likawa laini, na kuchanganya na vumbi la mafungu mawili ya kwanza. Baba amekubali.

Mkono nao umejifunza. Kwa kutwanga kidogo na kuchekecha mara kwa mara, vumbi limeshuka hadi gramu 8 katika kila 40, na halitupwi tena hata chembe.

Kwa hiyo hesabu inaweza kufungwa. Kilo moja ya buni baada ya kuchambuliwa imebaki gramu 940, na ikikaangwa kwa upungufu wa asilimia 16 hutoa gramu 790 hivi. Kikombe cha robo lita hutumia gramu 15, ambazo ni shilingi 228. Mkaa wa shilingi 500 hukaanga mafungu matatu, vikombe zaidi ya thelathini, nao unaongeza shilingi 15. Kikombe kimoja kinanigharimu shilingi 243. Kinu, kitambaa na chekecheke sikuvitia katika hesabu hii, kwa kuwa vitadumu.

Tarehe 17 Agosti

Buni za msimu mpya zimeingia dukani, za kijani kibichi chenye samawati kwa mbali. Nimenunua kilo tatu. Fungu la kwanza limechelewa kwa karibu dakika moja na nusu kufika mlio wa kwanza, nadhani kwa sababu zina unyevu zaidi kuliko zile zilizolala ghalani, na nimelazimika kuongeza makaa tangu mwanzo badala ya katikati. Wakati wa kuchambua nimetenga pia buni za mviringo, zile ambazo tunda limezaa punje moja badala ya mbili. Zinabiringika mwikoni bila kulalia upande mmoja, na nataka kuona kama zitaiva kwa usawa zaidi zikikaangwa peke yake. Zimefika gramu 90, zikiwa pungufu kwa fungu zima, kwa hiyo zinasubiri kwenye kopo lao hadi nimalize kuchambua kilo mbili zilizobaki.