Kibao cha 30 mbele ya lango la shule

Kila siku ya shule, kabla ya saa moja asubuhi, huwa nimesimama kando ya barabara ya lami inayopita mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam, nimemshika mkono binti yangu wa darasa la pili, tukisubiri nafasi ya kuvuka. Ng'ambo kuna kibao cha kuonya kuwa watoto wanavuka, ile pembetatu yenye ukingo mwekundu, na nusu yake imefunikwa na tawi la mwarobaini. Wiki iliyopita mvulana mmoja aliyetutangulia alinyoosha mkono juu kama alivyofundishwa, akakanyaga mstari mweupe wa kwanza wa pundamilia, mara akaruka kurudi nyuma, kwa kuwa bodaboda iliyokuwa ikiipita daladala iliyosimama ilimtokea ghafla. Kiatu chake kimoja kilibaki barabarani.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na madereva wengi huuona huo kuwa mwendo wa pole. Lakini gari lenye mwendo wa 50 hukata takriban mita 14 katika sekunde moja ya dereva kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki, kisha huhitaji mita nyingine kama hizo ili lisimame, hata lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima. Kwa mwendo wa 30, jumla yote ni mita 13 hivi. Mtoto akiwa umbali wa mita 20, dereva wa mwendo wa 30 atasimama kabla ya kumfikia, wa mwendo wa 50 atamgonga. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahimiza ukomo wa 30 mahali ambapo magari na watembea kwa miguu huchangamana.

Tochi ya trafiki, yaani kifaa chake cha kupimia mwendo, inasaidia, ila inasaidia pale tu trafiki aliposimama. Madereva huwashiana taa kupeana taarifa, na akishaondoka mwendo unarudi ulevule. Ninachoomba ni kibao cha 30 pamoja na kamera ya kudumu, tena iwekwe peupe na itangazwe kabla dereva hajaifikia. Wapo wanaosema kamera inayoonekana haitamnasa mtu. Mimi sihitaji mtu anaswe. Nahitaji apunguze mwendo watoto wanapoingia na wanapotoka.

Wakati kamera ikisubiriwa, tawi lile linaweza kukatwa kwa panga, na juzi nimepeleka barua ya kuomba hivyo katika ofisi ya serikali ya mtaa.