Siku Moja Maishani Mwangu: Dalali wa Mnunuzi

Saa 12:30 asubuhi

Ujumbe umeingia kabla sijanawa uso. "Dada, jana hatukulala. Nyumba tumeipenda. Mwenye nyumba anasema kuna mtu mwingine anaitaka, tukitoa malipo ya awali leo inakuwa yetu. Tulipe?"

Nilimpigia badala ya kuandika, kwa sababu katazo likisomwa tu huonekana kali. "Mdogo wangu, msilipe kitu leo. Nipeni mpaka jioni." Akanyamaza kidogo, akasema haya. Yeye na mumewe wanatarajia mtoto wa kwanza, na akiba yao yote inaingia kwenye nyumba hii. Habari ya "mtu mwingine anaitaka" naisikia karibu kila nyumba, na mara nyingine ni ya kweli. Hata ikiwa ya kweli, yale tusiyoyajua kuhusu nyumba hiyo yanabaki palepale.

Saa 2:30 asubuhi

Niko ofisi ya ardhi kuchukua majibu ya upekuzi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za umiliki wa nyumba ile. Maombi niliyapeleka siku tatu zilizopita, siku ileile nilipoona mteja wangu anapima kwa macho mahali pa kuweka kitanda. Mtu akifika hapo, moyo umeshanunua, na mimi natakiwa niwe nimetangulia.

Nakala ya hati tuliyopewa na upande wa muuzaji ilikuwa safi, jina lipo na mhuri upo. Ila nakala inaeleza hali ya siku ilipotolewa, na hali ya leo iko kwenye daftari la ofisi ya ardhi. Robert Torrens alianzisha mfumo wa namna hii Australia Kusini mwaka 1858, ukasambaa nchi nyingi: umiliki unathibitishwa na kilichoandikwa daftarini. Wahenga wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi ya majibu ilikuwa moja tu. Jina sawa, namba ya kiwanja sawa, ukubwa sawa. Chini kabisa, mstari mmoja: rehani ya benki, haijafutwa.

Nikampigia dalali wa muuzaji. "Aa, huo mkopo ulishaisha siku nyingi." Nilimwamini, maana hutokea sana: mtu anamaliza deni, anashukuru Mungu, halafu hakumbuki kwenda kufuta rehani. Lakini wateja wangu hawawezi kununua nyumba kwa imani yangu. Maadamu mstari ule upo, nyumba ingali dhamana ya benki kwa mujibu wa daftari. Nikaomba barua ya benki inayothibitisha kuwa deni limekwisha, na rehani ifutwe kabla muuzaji hajakabidhiwa fedha.

Saa 5 asubuhi

Nimerudi kwenye nyumba yenyewe, safari hii na fundi, bila wateja. Hupenda kuwaacha nyuma kwenye ziara ya pili. Mtu aliyeipenda nyumba huitetea.

Chumba alichokichagua yule mama mtarajiwa kuwa cha mtoto kina kuta nne, na ni mmoja tu uliokuwa na harufu ya rangi mpya. Siku ya kwanza aliisifu rangi hiyo. Nilisogeza kiganja chini, karibu na sakafu, nikaona rangi imeanza kuvimba vimalengelenge vidogo, na juu yake unga mweupe wa chumvi. Fundi akagonga lipu kwa mpini wa bisibisi. Juu ililia kavu, chini ikatoa sauti ya utupu. Kipima unyevu kikathibitisha.

"Unapanda kutoka ardhini?" nikamuuliza.

"Ungepanda kutoka ardhini ungeuona na kwenye kuta nyingine za chini, dada. Huu uko mahali pamoja. Nyuma ya ukuta kuna nini?"

Bafu. Tukafunga bomba zote za nyumba, moja baada ya nyingine, hata ile ya nje ya kumwagilia. Nikaenda kuinama kwenye mita ya maji. Kile kigurudumu chekundu cha katikati kilikuwa bado kinazunguka, polepole, kikisimama kidogo kama kinachopumua, kisha kikiendelea. Maji yalikuwa yanapita na hakuna aliyekuwa akiyatumia. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta.

Nyufa nazo tulizipitia. Nyingi ni za lipu tu, nyembamba kama unywele, hazina neno. Hakuna uliokatiza kimshazari kutoka kona za madirisha, na milango yote inafunga bila kukwama. Msingi umetulia. Nilipumua, kwa kweli, maana hata mimi nilikuwa naitakia heri nyumba ile.

Saa 8 mchana

Kijana mmoja anayetafuta nyumba ya kwanza alikuja ofisini na swali la haki kabisa: "Picha naziona kwenye simu, bei naiona, namba ya muuzaji ninayo. Wewe nikulipe kwa kazi gani?"

Nilimpa jibu ambalo wenzangu wengine hawapendi nilitoe. Mwaka 2008 wanauchumi Steven Levitt na Chad Syverson walichapisha utafiti wa mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago. Madalali walipouza nyumba zao wenyewe, waliziacha sokoni kwa takriban siku 9 na nusu zaidi, wakapata bei ya juu kwa kama asilimia 3.7 kuliko walipouza nyumba za wateja zinazofanana nazo. Maana yake ujuzi wa dalali una thamani ya kweli, na kamisheni peke yake haitoshi kumfanya autumie wote kwa ajili yako. Na kwako mnunuzi, dalali anayelipwa asilimia ya bei hapotezi chochote bei unayonunulia ikipanda. Ndiyo sababu mimi natoza ada isiyobadilika na bei.

Nikamwambia amuulize dalali yeyote, mimi nikiwemo, mambo mawili: katika biashara hii unamtumikia nani, na unalipwa na nani, vipi? Majibu yaandikwe na yasainiwe. Marekani, tangu Agosti 2024, kanuni za chama kikuu cha madalali zinataka mnunuzi na dalali wake waandikiane kabla ya kwenda kutazama nyumba. Naona ni utaratibu mzuri popote. Aliondoka na nakala ya mkataba wangu akausome nyumbani. Sikumharakisha.

Saa 10 jioni

Mazungumzo ya bei. Nilikuwa nimeshakusanya bei za nyumba tatu zinazofanana zilizouzwa karibuni. Bei za matangazo siziweki hesabuni, kwa sababu hakuna aliyezilipa.

Dalali wa muuzaji alianza na yule "mtu mwingine". Nikamwacha amalize. Kisha nikamtumia picha ya ukuta na video ya mita. Akasema muuzaji atarekebisha. Hapo nilikataa kwa upole: anayehama hutafuta marekebisho ya kumtosha mpaka siku ya kukabidhi funguo. Tunataka punguzo linalolingana na gharama ya kubadili bomba na kupiga lipu upya, fundi tumchague sisi. Malipo ya awali yakae kwa wakili, yarudi yote rehani isipofutwa kwa tarehe tutakayoiandika.

Baada ya dakika arobaini alipiga tena. Wamekubali.

Saa 12:30 jioni

Nikawaeleza wateja yote, mwanzo mpaka mwisho, ukuta na rehani. Mume aliuliza maswali ya mkataba. Mke alikaa kimya, kisha akasema anataka kuiona tena usiku huu. Ningemwomba hivyo mwenyewe: mtaa wa mchana na wa usiku si mmoja.

Saa 3 usiku

Tumesimama watatu nje ya lango, hatusemi. Hakuna mashine inayonguruma, hakuna muziki. Mbwa mmoja, mbali. Taa ya jirani ikazimwa.

"Dada, ukuta wa chumba kile utakauka?"

"Bomba likishabadilishwa, ndiyo. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ule una kama 225."

Akahesabu kwa vidole gizani, akafika tisa.

"Basi kitanda cha mtoto tutakiweka chumba cha mbele kwanza," akamwambia mumewe.